Namna ya kujenga nadharia ya uchawi wa Westeros isiyobomoka kwa swali moja

Ukisoma kwa makini A Song of Ice and Fire, mfululizo wa riwaya za George R. R. Martin kuhusu nchi ya kubuni ya Westeros, utafika mahali utaweka kitabu chini na kujiuliza, "Hivi hili halihusiani na lile la kitabu cha kwanza?" Tayari unayo nadharia. Nadharia nyingi za mashabiki hufa changa, na mara nyingi wazo lenyewe halikuwa baya. Mwenye wazo alikimbilia kulitangaza kabla ya kulibana kwa maswali magumu, akaja mtu mmoja na sura moja tu ya kitabu, kazi ikaisha.

Katika mwongozo huu nitashika nadharia moja na kuipitisha hatua zote: kwamba majoka wa Daenerys Targaryen, binti wa ukoo wa kifalme ulioondolewa madarakani, ndio waliorudisha uchawi duniani. Nimeichagua makusudi, kwa sababu wengi hawaioni hata kama nadharia, wanaihesabu ukweli. Natoboa siri za vitabu vyote vitano na za tamthilia ya televisheni, kwa hiyo kama bado uko njiani, malizia kwanza ndipo urudi.

Unachohitaji ni vitabu vyenyewe na daftari. Nakala ya kielektroniki inasaidia sana, maana unaandika jina la mhusika kwenye sehemu ya kutafuta na kupata kila mahali anapotajwa. Lakini usitafute tu halafu ukasoma mstari mmoja. Soma ukurasa mzima.

Hatua ya 1: Andika dai lako kwa sentensi moja inayoweza kukanushwa

"Majoka wana uhusiano na uchawi" si nadharia. Hakuna tukio lolote litakaloikanusha. Iandike hivi: "Uchawi ulikuwa umefifia tangu joka wa mwisho afe, na ulirudi kwa sababu majoka watatu wa Daenerys walizaliwa." Sasa tuna kitu cha kushika. Dai hili linasema kuna kabla na kuna baada, na linasema kipi kilisababisha kipi. Mtu akikuonyesha uchawi wenye nguvu kabla ya majoka kuzaliwa, uko matatani.

Ukiona unaogopa kuandika sentensi ya namna hiyo, jua kwamba ulichonacho bado ni hisia. Hisia si mbaya, ila haibishaniwi.

Hatua ya 2: Amua ushahidi gani unakubalika, na upi una uzito zaidi

Vitabu vitano ndivyo msingi: A Game of Thrones (1996), A Clash of Kings (1998), A Storm of Swords (2000), A Feast for Crows (2005) na A Dance with Dragons (2011). Kinachotokea mbele ya macho ya msimulizi wa sura ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vyote.

Chini yake kuna vitabu vya historia ya dunia hiyo, The World of Ice & Fire (2014) na Fire & Blood (2018). Hapa wengi huteleza. Vitabu hivyo vimeandikwa kana kwamba mwandishi ni maester wa Westeros, yaani msomi mwenye upendeleo wake, anayenukuu vyanzo vinavyopingana na wakati mwingine kuchagua anachokipenda. Ukinukuu humo, unamnukuu msomi huyo. Humnukuu Martin.

Kisha kuna maneno ya Martin mwenyewe katika mahojiano. Yanafaa zaidi kwa kufunga milango kuliko kufungua. Anaposema jambo fulani silo, liache.

Tamthilia ya HBO, Game of Thrones (2011 hadi 2019), naiweka mwisho. Ni kweli watayarishaji, David Benioff na D. B. Weiss, walipewa baadhi ya siri na Martin. Asili ya jina la mhusika Hodor, iliyoonyeshwa mwaka 2016, ni mojawapo ya zile walizosema zilitoka kwake. Lakini siri chache zilizotoka kwa mwandishi hazifanyi kila kilichoonyeshwa kiwe neno lake. Ukitumia tamthilia kuthibitisha vitabu, taja wazi kwamba unafanya hivyo, na usishangae wasomaji wakikunja sura.

Hatua ya 3: Mjue mwandishi unayemfuatilia

Nadharia inayomfaa mwandishi mmoja inaweza kuwa upuuzi kwa mwingine. Brandon Sanderson aliandika mwaka 2007 kanuni yake maarufu: uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa uchawi unalingana na kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Katika riwaya yake Mistborn, mtu humeza chembe za madini na kuziunguza tumboni. Chuma cha pua humwezesha kusukuma vitu vya metali, na akisukuma kilicho kizito kumzidi, anayerushwa ni yeye. Kwa mwandishi wa namna hiyo unaweza kupiga hesabu. Ukiona jambo lisiloendana na kanuni, aidha kuna kanuni ambayo bado haijafunuliwa au kuna mtu anadanganya.

Martin hayuko hivyo. Kwake uchawi ni hatari, una gharama, na haupaswi kuwa sayansi yenye jina lingine. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliandika, nusu utani, makala ya kitaalamu wakijaribu kueleza misimu ya Westeros isiyotabirika kwa kudhani sayari hiyo inazunguka nyota mbili. Hesabu ni nzuri na inafurahisha kusoma. Lakini Martin alishasema kwamba maelezo ya misimu yatakuwa ya kichawi na si ya kisayansi, kwa hiyo kama jibu la fumbo la kitabu, mlango huo umefungwa.

Kwa nadharia yetu, funzo ni hili: tusitafute fomula. Tutafute mwelekeo, na nani analipa gharama.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi, na kwa kila kipande andika nani alijuaje

Chora safu nne kwenye daftari: tukio, sura, nani anasimulia, na je, aliona mwenyewe au aliambiwa. Safu hiyo ya nne ndiyo inayookoa nadharia au kuizika.

Chukua tukio la A Clash of Kings linalopendwa na kila mtetezi wa majoka. Tyrion Lannister anazungumza na Hallyne, mkuu wa wataalamu wa moto wa mji mkuu, King's Landing, kuhusu ule moto wa kijani wa vitani wanaoutengeneza. Kazi imekwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Hallyne anaeleza kwamba siku hizi maneno yao ya uchawi yanafanya kazi kuliko zamani, na kwa aibu kidogo anamuuliza Tyrion kama amesikia habari za majoka popote. Anatoa sababu ya kuuliza: zamani bwana mmoja mzee wa chama chao, Pollitor, alimwambia kwamba uchawi ulianza kutoka duniani siku joka wa mwisho alipokufa. Tyrion hana habari yoyote ya majoka, analichukulia kama swali la ajabu tu. Msomaji ndiye anayeruka kitini, maana yeye alikuwepo walipozaliwa.

Ni uandishi mtamu sana, na kwa sababu ni mtamu tunaumeza mzima. Jaza safu ya nne. Kwamba moto wa kijani umeongezeka: Hallyne ameona mwenyewe. Kwamba sababu ni majoka: Hallyne ameambiwa na mzee, na mzee naye hatujui alijuaje. Joka wa mwisho alikufa mwaka 153 wa kalenda ya Targaryen, na hadithi inaanza karibu 298. Pollitor hakuwepo. Alikuwa anapokeza simulizi za chama.

Fanya hivyo kwa vipande vingine pia. Kule Qarth, mji wa mashariki ya mbali, Quaithe mwenye kinyago anamwonyesha Daenerys mchawi wa moto anayepanda ngazi ya miali, na kumweleza kwamba nusu mwaka uliopita mtu huyo alikuwa na viini macho vya kawaida tu, vya kuvutia umati wakati wezi wake wakichomoa mifuko ya watu. Anaongeza kwamba sababu ni Daenerys. Katika A Feast for Crows, mishumaa ya kioo cheusi, ambayo huwaka kwa uchawi tu, inasemwa kuwaka Oldtown, mji wa maester, na kijana Samwell anaona mmoja unawaka kwa msomi Marwyn. Kipande cha Samwell kina nguvu kwa sababu ni macho yake. Cha Quaithe kina nguvu nusu: tunaiona ngazi ya moto, lakini sababu tunapewa na mwanamke ambaye mpaka leo hatujui anamtumikia nani.

Hatua ya 5: Panga matukio kwa wakati

Hapa usiharakishe. Dai lolote la kwamba hiki kilisababisha kile linaanguka mara moja ikiwa kile kilitangulia. Ajabu ni kwamba watu wanaobishana usiku kucha kuhusu unabii hawajawahi kukaa na kuandika tu nini kilikuja kabla ya nini.

Majoka wanazaliwa katika sura ya mwisho kabisa ya A Game of Thrones, ndani ya moto unaochoma maiti ya Drogo, mume wa Daenerys. Kwa hiyo karibu kila kitu katika kitabu hicho ni "kabla". Haya, tufungue ukurasa wa kwanza. Utangulizi: wanajeshi watatu wa Night's Watch, kikosi kinacholinda Ukuta mkubwa wa barafu wa kaskazini, wako ng'ambo ya Ukuta huo. Ser Waymar Royce anapigana na kiumbe wa baridi, wale ambao watazamaji wa televisheni wanawaita White Walkers, anauawa, na muda mfupi baadaye anainuka na jicho la buluu na kumkaba mwenzake. Huo ni uchawi, tena mkubwa, na mayai ya Daenerys wakati huo bado ni mawe ambayo hata hajazawadiwa.

Tuendelee. Katika sura ya kwanza ya Bran Stark, yeye na ndugu zake wanakuta mama mbwamwitu mkubwa wa kale amekufa, na watoto wake wako hai. Theon, kijana anayelelewa nao, anasema mnyama huyo hajaonekana kusini mwa Ukuta kwa miaka 200. Bran anaanguka kutoka mnarani na kuota ndoto ya kunguru mwenye macho matatu. Maiti mbili zinaletwa Castle Black, ngome ya Night's Watch, usiku zinaamka na kuua, na Jon, ndugu yake Bran anayetumikia huko, anaunguza mkono akiichoma mojawapo. Kwa Dothraki, watu wa Drogo, mganga Mirri Maz Duur anafanya uchawi wa damu ndani ya hema, farasi wa Drogo anachinjwa, na matokeo yake Daenerys anabaki na mtoto aliyezaliwa mfu na mume aliye hai asiyejitambua. Yote haya ni kabla ya joka hata mmoja kupasua yai.

Kuna kimoja zaidi, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kimefichwa hadharani. Jioni ya kuchoma mwili wa Drogo, Daenerys anaiona nyotamkia nyekundu angani kabla ya moto kuwashwa, na anaichukua kama ishara. Baadaye, katika kitabu cha pili, kila mtu anaitafsiri nyota hiyo anavyotaka, na wasomaji wengi wanaikumbuka kama tangazo la kuzaliwa kwa majoka. Lakini mpangilio wa sura hauruhusu majoka kuileta. Ilikuwepo kwanza.

Tahadhari moja kuhusu mpangilio: namba za sura si saa. A Feast for Crows na sehemu kubwa ya A Dance with Dragons zinakwenda sambamba, Martin alizigawa kwa wahusika na maeneo. Tukio la kitabu cha tano linaweza kutangulia la kitabu cha nne. Ukipanga kwa kufuata kurasa tu, utajenga sababu na matokeo kinyume.

Hatua ya 6: Wahoji mashahidi wako

Kwa kila anayetoa maelezo, uliza anafaidika nini akiaminiwa. Marwyn anamwambia Samwell kwamba dunia inayojengwa na Citadel, chuo cha maester, haina nafasi ya uchawi, unabii wala majoka, na kudokeza kwamba wasomi hao walihusika na kutoweka kwa majoka. Kutokana na mazungumzo hayo mafupi yamejengwa majumba marefu ya nadharia kuhusu njama ya maester. Inawezekana. Ila anayesema ni mtu mwenye ugomvi wa muda mrefu na wenzake, na muda huo huo anajiandaa kukimbilia kwa Daenerys. Simwiti mwongo, nasema tu kwamba ushahidi wake peke yake haubebi jumba.

Historia ya kale nayo ihojiwe. Miaka 8,000 tangu Usiku Mrefu, ule wakati wa kale viumbe wa baridi walipovamia, inatajwa kama kitu kilichopimwa, lakini Samwell, akipekua maktaba ya Castle Black, anamweleza Jon kwamba watu wa kwanza waliacha alama za kuchonga kwenye mawe tu, na kwamba simulizi za kale ziliandikwa na maseptoni, yaani makuhani, maelfu ya miaka baada ya matukio. Nadharia yako ikihitaji namba hiyo iwe sahihi kabisa, umejenga juu ya mchanga.

Hatua ya 7: Jenga nadharia pinzani iliyo bora kadiri uwezavyo

Wengi hujenga mpinzani dhaifu ili wamshinde. Usifanye hivyo, mpe mpinzani ushahidi wako wote na uone kama anaueleza vizuri kuliko wewe.

Mpinzani wa majoka anasema hivi: kuna kitu cha tatu kilichoanza kujaa, na majoka, wafu wanaotembea, ndoto za Bran na mishumaa vyote vinainuliwa nacho. Ni kama maji ya bamvua. Yakijaa, ngalawa zote pwani zinaelea, na hakuna anayesema ngalawa kubwa ndiyo iliyojaza bahari. Kwa maelezo haya Royce anaeleweka, Mirri anaeleweka, nyotamkia inaeleweka. Hata Hallyne na Quaithe wanaeleweka: wameona maji yamepanda, wakataja ngalawa iliyo karibu.

Je, mpinzani ana tatizo? Analo. Kwa nini ongezeko la uchawi wa moto linasikika Qarth na King's Landing baada ya majoka kuzaliwa, kwa ghafla namna ile? Kule Qarth mchawi alikuwa wa kawaida nusu mwaka uliopita. Kama maji yalikuwa yanajaa polepole tangu utangulizi, kwa nini yeye alichelewa?

Halafu kuna Melisandre, kuhani wa mungu wa moto, anayewasumbua wote wawili. Katika sura yake ya A Dance with Dragons anahisi nguvu zake kwenye Ukuta zimezidi hata zile alizokuwa nazo Asshai, mji wa mashariki ya mbali. Ukuta uko mbali kabisa na majoka, ambao wakati huo wako upande wa Meereen, ng'ambo ya bahari. Yeye ni wa moto, na bado ananufaika na mahali pa baridi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kinachopuuzwa kuliko vyote katika mjadala huu, kwa sababu kinaingiza jambo ambalo pande zote mbili zililisahau: mahali.

Hatua ya 8: Tenganisha kidokezo na kosa la kalamu

Mfululizo wenye maelfu ya kurasa utakuwa na makosa. Catelyn Stark alipomwona Jeyne Westerling, mke wa mwanawe Robb, katika kitabu cha tatu, aliona ana nyonga nzuri za kuzaa. Katika kitabu cha nne Jaime Lannister anamwona na kutaja nyonga nyembamba. Mashabiki wakahitimisha kwamba Jaime alionyeshwa msichana wa bandia, na Jeyne wa kweli ametoroshwa na Blackfish, baba mdogo wa Catelyn. Nadharia ilikuwa safi, ina sababu, ina fursa. Martin akasema ni kosa lake.

Kipimo changu ni rahisi: kidokezo cha kweli huwa na wenzake. Tofauti moja ya maelezo, isiyorudiwa wala kugutusha mhusika yeyote, ishukiwe kuwa kosa. Uchawi kuwepo kabla ya majoka hauko hivyo. Umerudiwa kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa wasimulizi tofauti, katika mabara mawili.

Kosa la upande wa pili ni kutafuta ustadi kupita kiasi. Katika The Wheel of Time ya Robert Jordan, mchawi mwovu Asmodean aliuawa mwishoni mwa The Fires of Heaven (1993) bila kutajwa muuaji, na wasomaji walibishana kwa miaka 17. Jordan alifariki mwaka 2007. Jibu lilikuja katika Towers of Midnight (2010), tena ndani ya faharasa ya mwisho wa kitabu: Graendal. Alikuwa kwenye orodha ya washukiwa siku zote. Katika mfululizo huo huo, wengi waliamini mhusika Mazrim Taim ni mchawi mwovu mwingine, Demandred, aliyejibadilisha, Jordan akakana, na bado wapo waliotafuta mianya ndani ya kukana kwake mpaka Demandred alipotokea mwenyewe mwaka 2013, mbali kabisa na Taim. Mwandishi akikana wazi, kubali na uende mbele.

Hatua ya 9: Andika upya dai, pamoja na kitakacholiua

Baada ya safari yote hii, dai la mwanzo halisimami. Mimi ningeliandika hivi: "Uchawi ulianza kuamka kabla ya majoka, kwa sababu ambayo vitabu havijaifunua. Kuzaliwa kwa majoka kuliongeza nguvu ya uchawi wa moto hasa, na Ukuta ni chemchemi nyingine inayojitegemea." Ni refu zaidi na halina mvuto ule wa kwanza, lakini linabeba utangulizi, Mirri, Hallyne na Melisandre bila kumlazimisha yeyote.

Sasa liwekee utabiri. Joka mmoja akifa katika kitabu cha sita, The Winds of Winter, kinachosubiriwa tangu 2011, uchawi wa moto mbali na Ukuta unapaswa kupungua, lakini uwezo wa Bran wa kuona kupitia miti usiguswe. Melisandre akihamia kusini, adhoofike hata kama majoka wote watatu wako hai. Tukionyeshwa mchawi wa moto ambaye nguvu zake zilipanda kabla ya usiku wa kumchoma Drogo, nusu ya pili ya dai langu imekufa, na nitaifuta.

Ukitaka mazoezi, kuna shahidi ambaye sijamgusa makusudi: Thoros wa Myr, kuhani wa mungu yule yule wa moto. Bwana Beric Dondarrion aliuawa mara ya kwanza kule Mummer's Ford kwa mkuki wa Gregor Clegane, na Thoros, ambaye imani yake ilikuwa imebaki jina tu, akampa busu la mwisho kama desturi ya maziko. Beric akafumbua macho. Vitabu havikupi tarehe, itabidi uikokotoe: siku Eddard Stark alipomtuma Beric, habari za vita zilivyosafiri, muda wa safari ya Daenerys mpaka kwenye ule moto. Ukipata ilikuwa kabla ya majoka, uchawi wa moto nao ulitangulia, na dai langu litahitaji kupunguzwa tena.